Fani ya Uhamisho: Kuisoma FFmpeg ya Debian Mstari kwa Mstari

7:5.1.6-0+deb12u1

Hivi ndivyo Debian 12, distro ya Linux iliyotoka Juni 2023, ilivyowahi kuliandika toleo mojawapo la FFmpeg. Wengi wetu huipita namba ya aina hii mbio mbio pale terminali inapouliza kama tuendelee kusakinisha. Tunabonyeza Y na kwenda kutafuta chai. Naomba safari hii tusimame. Mstari huu umeandikwa na mikono isiyopungua miwili, umebeba historia ya ugomvi, na umeweka ahadi kwa mtu ambaye bado hajasakinisha chochote, yote hayo katika alama 17.

FFmpeg ni programu ya kubadili, kukata, kubana na kucheza sauti na video. Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2000. Ukifungua video kwa VLC, au ukirekodi kioo cha kompyuta kwa OBS Studio, maktaba zake ndizo zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Debian haikuiandika. Kazi ya Debian ni kuichukua kwa waandishi wake, kuifunga katika vifurushi, kuitunza kwa miaka, na kuihamisha pale jina, mahali au mmiliki anapobadilika. Maandishi ya kazi hiyo ya kufunga na kuhamisha ndiyo ninayotaka kuyahakiki, kwa sababu yana fani kamili, yenye kanuni kali kuliko utanzu wowote wa nathari ninaoujua.

Tuusome mstari wetu kutoka kulia. Kipande cha deb12u1 kinasema: haya ni masahihisho ya kwanza ya toleo hili kwa ajili ya Debian 12. Sifuri iliyo kabla yake ni hesabu ya mtunzaji wa kifurushi. Kwa kawaida huanzia 1, na kuikuta 0 ni dalili kwamba toleo hili liliingizwa moja kwa moja katika distro iliyokwisha kutolewa, huku tawi la maendeleo likiwa limeshasonga mbele. Mtunzaji amejishusha kwa makusudi ili namba yake isije ikapita namba ya mtu mwingine. 5.1.6 ni ya waandishi wa FFmpeg wenyewe. Kisha tunafika kwenye 7 na nukta pacha, na hapo ndipo penye mzigo.

Namba iliyo mbele ya nukta pacha huitwa enzi. Kompyuta ikilinganisha matoleo mawili, huangalia enzi kwanza. Ikizidi, hayo mengine hayasomwi. Toleo 7:0.1 ni jipya kuliko 6:900. Enzi ni dawa ya dharura: unaitumia pale namba za kawaida zinapokwenda mrama na huna njia nyingine ya kuiambia kompyuta kwamba hiki ndicho kipya. Na ni dawa isiyotolewa mwilini. Ukishaipandisha, hushuki tena, maana ukishuka, kila kompyuta iliyokwisha kupokea ile ya juu itaona umerudi nyuma na itakataa kusasisha.

Mtu aliyezoea ushairi wa arudhi hatashangazwa na ukali huu. Anajua maana ya umbo linalohesabiwa, ambamo silabi moja ikipungua, sikio linashtuka na ubeti mzima unaanguka. Ninachokiona tofauti hapa ni kwamba umbo hili halisahau. Mshairi akikosea ubeti, huuchana na kuanza upya. Mtunzaji wa kifurushi hana karatasi ya kuchana.

Ndiyo maana ile 7 inasomeka kama kovu. Katika Debian 4 kifurushi cha ffmpeg kiliandikwa 0.cvs20060823, na katika Debian 5 kikawa 0.svn20080206. Enzi haikuwapo, badala yake paliandikwa tarehe ambayo msimbo ulichukuliwa, kwa sababu waandishi wa FFmpeg miaka hiyo hawakuwa na mazoea ya kutoa matoleo rasmi. Debian 6 inakuja na 4:0.5. Libav, ambayo tutaifikia, ilitumia 6. FFmpeg iliporejea ikachukua 7. Hesabu ya hatua hiyo ya mwisho inajieleza: Libav ilikuwa imefika toleo la 11 wakati FFmpeg iko kwenye 2.4. Kwa macho ya kompyuta 2.4 ni ndogo kuliko 11, basi bila kupanda enzi kusingekuwa na uhamisho wowote.

Hoja yangu ni hii. Fani hii kavu ina ubora mmoja ambao nathari zetu nyingi hazina: humlazimisha anayehamisha kitu aandike waziwazi anachokivunja. Na katika historia ya FFmpeg ndani ya Debian, watumiaji waliumia pale fani ilipotumiwa kusema lisilokuwapo, au pale ambapo haikuwa na nafasi ya kusema kabisa.

Tuangalie kwanza inapofanya kazi vizuri. Kila kifurushi cha Debian hutengenezwa kutokana na faili liitwalo control: orodha ya vipengele, kila kimoja na jina lake, nukta pacha, kisha maelezo. Tuseme mtunzaji anahamisha kurasa za mwongozo kutoka kifurushi cha ffmpeg kwenda kifurushi kipya cha hati. Faili ni lile lile na mahali pake kwenye diski hapabadiliki. Kinachobadilika ni kifurushi kinacholimiliki. Sasa dpkg, programu inayosakinisha, hairuhusu faili moja limilikiwe na vifurushi viwili. Ikikuta hivyo inagoma na kuacha kazi katikati. Kwa hiyo kifurushi kipya huandika mistari kama hii miwili (namba ni za mfano):

Replaces: ffmpeg (<< 7:2.4.1-2~)
Breaks: ffmpeg (<< 7:2.4.1-2~)

Replaces ni kuomba ruhusa: nitachukua faili lililokuwa la mwenzangu. Breaks ni tamko zito zaidi: ffmpeg ya zamani, iliyotangulia toleo hili, haiwezi kubaki nami kwenye kompyuta moja. Kwa nini yote mawili? Chukua ile ya kwanza peke yake. Mtu anasakinisha kifurushi kipya bila kusasisha cha zamani. Kipya kinalichukua faili. Wiki mbili baadaye anakiondoa, nacho kinaondoka na faili. Cha zamani kimebaki bila mwongozo wake, na dpkg haioni kosa lolote, kwani kila kitu kimefanyika kwa ruhusa. Mstari wa Breaks unaziba upenyo huo kwa kumlazimisha wa zamani asasishwe kwanza.

Halafu kuna kialama cha mwisho kabisa, ~, ambacho msomaji wa haraka atadhani ni uchafu wa kioo. Katika kanuni za Debian alama hii ni ndogo kuliko kitu chochote, ndogo hata kuliko mwisho wa neno. 2.0~rc1 hutangulia 2.0, kwa hiyo toleo la majaribio hukaa chini ya toleo kamili. Hapa kwenye mabano ina kazi ya upole zaidi. Watu wanaochukua vifurushi vipya na kuvirudisha kwenye distro ya zamani huvipa namba kama 7:2.4.1-2~bpo8+1, ambayo ni ndogo kuliko 7:2.4.1-2. Bila ile ~ kwenye mabano, kifurushi chao kingehesabiwa kuwa cha zamani na kufukuzwa, ilhali uhamisho umeshafanyika ndani yake. Mtunzaji aliyeiandika alimfikiria mtu ambaye huenda hatamwona kamwe, anayefanya kazi ambayo hakutumwa. Nimesoma barua za kiofisi za kurasa tatu zisizo na uangalifu wa namna hiyo.

Distro nyingine zina fani nyingine. Gentoo huhamisha kifurushi kwa mstari mmoja tu, katika mafaili ambayo kwa muda mrefu yaliitwa kwa robo za mwaka, kama 1Q-2014: neno move, jina la zamani, jina jipya. Programu ikatoka media-sound ikaingia media-video, na kompyuta ya mtumiaji inarekebisha kumbukumbu zake yenyewe. Ni ufupi unaopendeza. Debian haina kitenzi cha kuhama. Anayehama ndani ya Debian hana budi kuujenga uhamisho wake kwa kutaja nani anavunjwa, nani anachukuliwa nafasi, nani anategemewa. Kwangu mimi ugumu huo ni sifa, ingawa najua wapo watunzaji ambao wangelipia fedha kuupata ule mstari mmoja wa Gentoo.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Januari 2011 sehemu ya waendelezaji wa FFmpeg walijaribu kubadilisha uongozi wa mradi. Hawakuelewana, na Machi mwaka huo huo kundi moja likaendelea kwa jina la Libav. Debian ilifuata Libav. Debian 7, iliyotoka Mei 2013, haikuwa tena na FFmpeg ya FFmpeg. Lakini jina lilibaki. Ukisakinisha kifurushi cha ffmpeg ulipata kitu, kilichotengenezwa na Libav, kikiwa kimetambulishwa kuwa kifurushi cha mpito. Ukiita programu hiyo, kabla ya kufanya kazi yoyote ilikuonya kwamba imepitwa na wakati, ipo kwa ajili ya kutovunja mazoea tu, itaondolewa, na kwamba utumie avconv, programu ya Libav yenyewe.

Kila neno katika onyo hilo lilikuwa kweli kwa upande wa Libav. Kwao programu ya jina hilo ilikuwa inakwenda kuondolewa. Lakini soma kama anavyosoma kijana anayebadili video ya harusi kuwa ya simu, asiyejua kwamba kuna miradi miwili. Anaambiwa ffmpeg imepitwa. Anafunga terminali akiamini kwamba mradi uitwao FFmpeg umekufa, wakati huo huo mradi huo ukiwa hai na unatoa matoleo mapya kwa utaratibu. Onyo halikutaja ni ffmpeg ya nani. Na kifurushi cha mpito, kwa desturi ya fani hii, kina maana moja tu kwa msomaji: jina hili limeisha, mwenyewe yupo kwingine. Muundo ulioundwa kwa ajili ya kuaga jina lililokwisha uliwekwa juu ya jina ambalo mwenyewe alikuwa bado analitumia mtaa wa pili.

Hapo ndipo ninaposema fani ilitumiwa vibaya. Simlaumu aliyechagua Libav. Palikuwa na sababu za kiufundi na za kibinadamu, na watu wa pande zote walikuwa wakijitolea. Nahukumu maandishi. Faili la control lilikuwa na Description, kipengele ambacho mtunzaji anaruhusiwa kuandika nathari ya kawaida, kwa urefu autakao. Ni hapo ambapo sentensi moja ingetosha: hii ni ya Libav, FFmpeg ni mradi mwingine unaoendelea. Ubuntu, ambayo wengi wetu tuliijua Linux kupitia kwake, huchukua vifurushi vyake vingi Debian, na hivyo ikarithi hali ile ile. Aliyetumia Ubuntu 14.04 atakumbuka maelekezo ya mtandaoni yakimwambia andika ffmpeg, na kompyuta ikimjibu kwamba haina kitu hicho.

Marejeo ya FFmpeg yakaanza mwaka 2014, na yalizaa jina ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii: libavcodec-ffmpeg56. Halina uzuri wowote wa kutamkwa. Lakini lisome. Libavcodec ni jina la maktaba ya kusimba na kusimbua sauti na video, na miradi yote miwili iliendelea kuiita hivyo hivyo. 56 ni namba ya kiolesura chake. Yapachike tu hivyo, na kompyuta haitajua ni ya nani. Programu iliyojengwa kwa moja ikipewa nyingine inaweza kuanguka. Kwa hiyo watunzaji walichomeka ffmpeg katikati ya jina, wakaichomeka pia ndani ya maktaba yenyewe, kwenye alama ambazo programu huzitafuta zinapoanza. Maktaba mbili za mahasimu wawili zikaweza kukaa kwenye diski moja, kila moja ikijibu wanaoitafuta.

Linganisha na mpito wa 2013. Kule jina moja lilifunika vitu viwili. Hapa vitu viwili vimepewa majina mawili, na jina jipya linasema tofauti yao mahali pasipokwepeka, kwa gharama ya uzuri. Halikudumu, na halikukusudiwa kudumu. Julai 2015 Debian iliamua kurudi FFmpeg, na kipande kile cha katikati kikaondolewa. Debian 9 ya Juni 2017 ina libavcodec57 tupu, bila kimilikishi, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kushindana naye. Libav ilitoa toleo lake la mwisho, 12.3, mwaka 2018.

Katika Debian 9 hiyo hiyo kuna kifurushi kidogo kiitwacho libav-tools. Ni cha mpito, na kilitengenezwa na watunzaji wa ffmpeg. Ndani yake mna viungo vya kumfikisha anayeita avconv kwa ffmpeg. Miaka minne tu kabla, ffmpeg ndiyo iliyokuwa ganda la kumpeleka mtu kwa avconv. Safari hii hakuna tangazo kwamba Libav imepitwa. Maelezo yake mafupi yanasema hivi ni viungo vya upatanifu, basi. Aliyeshinda alikuwa na nafasi ya kulipiza neno kwa neno, akaandika maelezo ya kazi tu. Nalihesabu hilo kuwa uamuzi wa kimtindo, na ni uamuzi wa mtu muungwana.

Vifurushi vya mpito huwekwa kwenye fungu liitwalo oldlibs, na apt inalijua fungu hilo. Ulichokiomba mwenyewe kikigeuka kuwa cha mpito, alama ya kwamba ulikiomba huhamishiwa kwenye kile kinachokifuata, ili ganda likiondolewa usije ukapoteza ulichokitaka. Hata nia ya mtumiaji inahamishwa kwa maandishi.

Kuna faili jingine, changelog, ambalo ndilo shajara ya kifurushi. Kanuni zake ni za nafasi na vistari: nafasi mbili, nyota, habari, mwishoni nafasi moja, vistari viwili, jina la mtunzaji, nafasi mbili tena, kisha siku, tarehe, saa, na tofauti ya saa na ile ya kimataifa. Aliyeko Nairobi au Dar es Salaam atasaini kwa +0300. La karibuni hukaa juu, kwa hiyo historia inasomwa kinyumenyume. Ukiandika Closes na namba ya hitilafu, hitilafu ile hufungwa yenyewe kifurushi kinapopokelewa. Ni sentensi inayotenda inachokisema. Nilitamani nikute humu yale yaliyokosekana kwenye control, sababu na mabishano. Mara nyingi nilikuta maneno machache yaliyokauka, kwamba toleo jipya limepokelewa kutoka kwa waandishi. Watunzaji waliobuni libavcodec-ffmpeg56 walistahili kutueleza kwa aya mbili walichopitia. Fani iliwapa nafasi hiyo na mazoea yakawanyima.

Palibaki jambo ambalo fani haikuliwahi kabisa. Kwa miaka mingi watumiaji wa Debian waliotaka programu za sauti na video zilizozuiwa na hataza au leseni walizitafuta kwenye ghala la nje, debian-multimedia.org. Halikuwa la Debian, ingawa jina lilifanya wengi waamini hivyo. Baada ya mazungumzo juu ya jina hilo ghala likahamia deb-multimedia.org, na anwani ya zamani ikaachwa. Ikasajiliwa na mtu ambaye Debian haikumjua. Juni 2013 Debian ikalazimika kuwatangazia watu waiondoe kwenye mafaili yao ya sources.list, kwa sababu kompyuta zilikuwa zikiendelea kubisha hodi pale pale, kila siku, zikiuliza kama kuna jipya.

Mtafute Replaces wa anwani, hayupo. Mtafute Breaks, hayupo. Mstari wa sources.list una neno deb, anwani, jina la distro na mafungu yake, na hauna pahala pa kuandika kwamba mwenyeji amehama. Sahihi za kidijitali zilikuwa kinga kwa aliyezizingatia, maana mgeni hakuwa na ufunguo wa mwenyeji. Lakini sahihi hukuambia kwamba huyu si yule. Haikuambii yule kaenda wapi. Lugha inayoweza kueleza kwa mistari miwili kuhama kwa ukurasa wa mwongozo haikuwa na neno la kuhama kwa ghala zima.

Mwaka 2018 Debian yenyewe ilihama. Seva ya Alioth, ambako timu ya midia anuwai na nyingine nyingi ziliweka msimbo wa vifurushi vyao, ilifungwa, na kazi ikaenda Salsa. Faili la control linaweza kuwa na kipengele cha Vcs-Git, kinachotaja msimbo unakotunzwa. Vifurushi vipya viliandikwa upya. Vile vilivyokwisha kutolewa, vya Debian 9 na vya kabla yake, vimo kwenye diski za watu na haviguswi. Vingi vitaendelea kutaja anwani ya zamani, anonscm.debian.org, daima. Safari hii mtu alikumbuka. Palitengenezwa ramani ya kuelekeza upya, anwani ya zamani na anwani mpya, mstari baada ya mstari, na watunzaji wakaombwa kuongeza mistari ya vifurushi vyao wenyewe. Kwa umbo, ni ule ule mstari wa Gentoo usiokuwa na mahali katika control. Ulilazimika kuandikwa kwenye seva, nje ya kifurushi, na unategemea kuwapo kwa mtu atakayeendelea kuiwasha seva hiyo.